Ugonjwa Uliopewa Jina la Mji wa Kiwanda



Katika mafunzo ya toleo hili tunazungumza juu ya ugonjwa wa Marburg. Tumelichagua somo hili kwa sababu katika mikutano ya matawi, kila mara homa kali inapozuka magharibi mwa nchi au ng'ambo ya mpaka, swali huwa ni lile lile: ugonjwa huu ni wa asili au umetengenezwa na watu? Wengine husema ni uchawi. Wengine husema ni silaha ya wakubwa wa dunia ya kutumaliza sisi Waafrika. Swali hilo si la kijinga na sisi hatulicheki. Tutalijibu, lakini lazima tuanze mbali kidogo, tena tuanzie kiwandani.

Huko Ujerumani, katika mji wa Marburg, kilikuwako kiwanda cha dawa na chanjo kilichoitwa Behringwerke. Kilitengeneza chanjo ya polio, yaani ule ugonjwa unaopooza viungo vya watoto. Wakati ule chanjo hiyo ilioteshwa katika chembe hai za figo za tumbili. Kwa hiyo kiwanda kilihitaji figo, na tumbili wenye figo hizo walitoka kwetu Uganda. Walikamatwa porini, wakatiwa katika vizimba, wakasafirishwa kwa ndege kutoka Entebbe. Katika mwaka 1967 kulikuwa na vita vya Mashariki ya Kati mwezi wa Juni, safari za ndege zikavurugika, na tumbili hao wakapitia London kabla ya kufika Ujerumani.

Mwezi wa Agosti 1967 wafanyakazi wa kiwanda hicho walianza kuugua. Homa iliwashika ghafla, kichwa kikauma sana, misuli ikauma, kisha wakatapika na kuharisha, na wengine wakatoka damu. Wakati huo huo wafanyakazi wengine waliugua Frankfurt, na wengine Belgrade, nchini Yugoslavia ya wakati ule. Kote walikuwa wameshika tumbili waliotoka Uganda. Jumla ya walioumwa ilikuwa 31, na 7 kati yao walikufa.

Tazama ni akina nani walioumwa. Walikuwa wale waliowapasua tumbili na kutoa figo, wale walioshughulika na chembe hizo katika maabara, pamoja na walioosha vyombo. Baada yao wakafuata waliowauguza wagonjwa. Mwanamke mmoja aliambukizwa na mumewe ambaye alikuwa amekwisha kupona, kwa sababu kijidudu hiki hubaki katika mbegu za kiume kwa muda baada ya mgonjwa kusimama. Hakuna aliyeugua kwa kupita njiani mbele ya kiwanda. Ugonjwa ulifuata damu, na damu ilikuwa mikononi mwa wafanyakazi.

Wataalamu wa Ujerumani walikitambua kijidudu hicho kabla ya miezi mitatu kwisha. Walipokitazama kwa darubini ya elektroni walikiona kama uzi mrefu uliopinda. Wakakipa jina la mji. Sisi tunasema ni haki kidogo ya historia, maana mara nyingi jina la aibu hutupwa huku kwetu: msitu wa Zika karibu na Entebbe umebeba jina la ugonjwa tangu 1947, na watu wa Bundibugyo wamebeba jina la aina moja ya Ebola tangu 2007, ingawa hawakutenda kosa lolote. Katika mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri magonjwa mapya yasipewe majina ya mahali. Basi tuendelee.

Kirusi ni kitu gani? Wengi wetu tumezoea kusema "vijidudu" kwa vyote, lakini kirusi si mdudu kamili. Hakili, hakipumui, hakina mashine yake. Fikiria mtu asiye na kiwanda wala umeme wala wafanyakazi, ana karatasi ya ramani tu mfukoni. Anaingia usiku katika kiwanda cha mwenzake, anaweka ramani yake juu ya mashine, na mashine zinaanza kutoa bidhaa yake badala ya ile ya mwenye kiwanda. Zinafanya kazi mpaka ghala limejaa na kiwanda kimeharibika. Kisha ramani elfu nyingi zinatoka mlangoni kutafuta viwanda vingine. Hivyo ndivyo kirusi kinavyofanya ndani ya chembe za mwili wetu. Hakina chuki na mtu, hakina kabila wala chama. Kinachotaka ni mlango tu, na katika Marburg mlango ni damu, matapishi, mate, mkojo, kinyesi na majimaji mengine ya mwili, yanapoingia katika kidonda, jicho, pua au mdomo. Si ugonjwa unaopeperuka hewani kama mafua.

Jambo hili la mlango tulishike vizuri, kwa sababu linajibu nusu ya swali letu. Kijidudu ni cha asili. Njia ya kukifikisha kwa mtu, mara nyingi, imechimbwa na watu, na wanaotembea juu yake kwanza ni watu wa kazi.

Kwa miaka mingi haikujulikana Marburg hukaa wapi wakati haiumizi watu. Tumbili hawakuwa jibu, maana nao walikufa kwa ugonjwa huo kama sisi, na mwenye nyumba hafi kwa moshi wa jiko lake. Dalili zilikuwa zikijitokeza moja moja. Katika Januari 1980 mhandisi Mfaransa aliyefanya kazi katika kiwanda cha sukari cha Nzoia, magharibi mwa Kenya, alikufa Nairobi. Kabla ya kuugua alikuwa ameingia katika pango la Kitum, Mlima Elgon. Daktari aliyemhudumia naye aliambukizwa, akapona. Kisha toka 1998 hadi 2000 ugonjwa ulishika wachimba dhahabu wa Durba, kaskazini mashariki mwa Kongo. Watu 154 waliugua na 128 walikufa. Wengi wa walioanza kuugua walikuwa vijana walioshuka katika mgodi wa Goroumbwa. Mgodi ulipojaa maji na watu wakashindwa kuingia, ugonjwa ukakoma. Sasa kila mtu akauliza: chini ya shimo lile kulikuwa na nini?

Jibu lilipatikana hapa Uganda, katika mgodi wa Kitaka, wilaya ya Kamwenge, uliotoa risasi na dhahabu. Mwezi wa Juni 2007 mchimbaji mmoja kijana wa miaka 21 alishikwa na homa. Mwenzake wa kazi, wa miaka 29, alimwuguza kama tunavyofanya sote kwa ndugu. Yule kijana akapona. Yule aliyemwuguza akafa tarehe 14 Julai. Wote pamoja waliougua walikuwa wanne. Mgodi ulifungwa, na wataalamu wa Entebbe, katika ile Taasisi ya Utafiti wa Virusi iliyoanza 1936 kwa ajili ya homa ya manjano, wakishirikiana na wa Marekani na Afrika Kusini, waliingia shimoni wakiwa wamejifunika mwili mzima. Humo walikuta popo wapatao laki moja na zaidi, wa ile jamii ya popo wa matunda wanaoishi mapangoni. Walipowapima walikuta kirusi cha Marburg kikiwa hai ndani ya popo ambao wenyewe hawakuonekana kuumwa. Matokeo hayo yalitangazwa 2009. Mwenye nyumba alikuwa ameonekana, miaka arobaini na zaidi baada ya Ujerumani.

(Mkazi wa Kampala asiogope bure. Wale popo wengi walioipa Bat Valley jina lake, karibu na Bombo Road, ni wa aina nyingine, hulala juu ya miti na si mapangoni. Hata hivyo popo yeyote asishikwe kwa mkono mtupu.)

Hapa ndugu wengi husema: basi, tuwaue popo! Hilo ndilo lililofanyika Kitaka. Mashimo yalizibwa kwa mafunjo na matete, nyavu za samaki zikatundikwa milangoni, na maelfu ya mizoga ya popo yakakutwa yamerundikwa msituni. Popo wakatoweka. Lakini baada ya muda mgodi ukafunguka tena na popo wapya wakahamia, wachache kuliko zamani. Mwaka 2012 ugonjwa ukazuka tena katika Kabale na Ibanda, na mji wa Ibanda uko kama kilomita 20 tu kutoka mgodi ule. Wataalamu walirudi Kitaka mwezi wa Novemba wakapima. Kabla ya mauaji yale, popo waliokuwa na kirusi walikuwa kama 5 katika kila 100. Sasa walikuwa 13.

Kwa nini? Popo hawa huzaa mara mbili kwa mwaka. Mtoto wa popo huzaliwa na kinga ya mama yake, kinga hiyo ikiisha huwa wazi kwa ugonjwa, na akifika miezi sita hivi ndipo huambukizwa zaidi. Akishaugua na kupona hupata kinga yake mwenyewe. Kwa hiyo katika pango lililotulia wazee wengi wana kinga. Ukiwaua wote unaondoa na wale wenye kinga, na nafasi yao wanaijaza wageni na vijana wasio nayo. Ni sawa na tajiri anayefukuza mafundi wote wa zamu kwa siku moja akaajiri wapya wasiojua mashine, kisha akashangaa ajali zimezidi. Wakati ule ule mzunguko wa uzazi wa popo ulionyesha pia kwamba watu wengi waliambukizwa katika miezi ya Desemba hadi Machi na Juni hadi Septemba, ndiyo majira vijana wa popo wanapokuwa wengi. Mtu wa mgodi angeambiwa hivyo mapema angejua ni lini hasa asishuke bila vifaa.

Usidhani mambo haya yamepita. Septemba 2024 Rwanda ilitangaza Marburg, watu 66 wakaugua na 15 wakafa. Ufuatiliaji ulirudi nyuma mpaka kwa mchimbaji wa mgodi wa bati wenye popo. Wengi sana kati ya hao 66 walikuwa wafanyakazi wa afya, waliompokea mgonjwa kabla ya kujua ana nini. Mchimbaji kwanza, mwuguzi wa pili: hiyo ndiyo safu, kama vile 1967 ilikuwa mpasuaji kwanza na mwuguzi wa pili.

Sasa tuje kwenye silaha, maana hatukusahau swali.

Ni kweli kwamba binadamu wamejaribu kugeuza magonjwa kuwa silaha, na anayekataa hilo hajasoma. Marekani ilikuwa na mpango wake mkubwa mpaka Rais Nixon alipoufunga mwaka 1969. Mwaka 1972 mataifa yalifungua mkataba wa kupiga marufuku kutengeneza na kuhifadhi silaha hizi, ukaanza kazi 1975. Muungano wa Kisovieti ulitia sahihi, na baada ya kutia sahihi ukaupanua mpango wake kwa siri chini ya jina la Biopreparat. Hata serikali ya Makaburu Afrika Kusini iliendesha tangu 1981 mpango wa siri ulioitwa Project Coast, na mambo yake yakaanikwa mbele ya Tume ya Ukweli na Maridhiano mwaka 1998. Kwa hiyo Mwafrika anayeshuku ana sababu za kushuku.

Na Marburg yenyewe haikuachwa. Kile kijidudu kilichotoka na tumbili wa Uganda kilifika Siberia, katika maabara ya Vector pale Koltsovo. Katika Aprili 1988 mtaalamu Nikolai Ustinov alikuwa akiwachoma sindano wanyama wadogo wa majaribio, sindano ikateleza ikamchoma yeye kidoleni. Alikufa baada ya wiki mbili au tatu. Ken Alibek, aliyekuwa mkubwa katika Biopreparat na akahamia Marekani 1992, ameeleza kwamba wenzake walikitoa kirusi kutoka katika mwili wa Ustinov, wakaona ni kikali zaidi, wakakihifadhi kwa kazi ya silaha na kukiita kwa herufi ya jina lake. Mtu alikufa kazini na maiti yake ikawa malighafi. Tumekutana na waajiri wakali, lakini hapo hatujafika.

Kisa kingine cha nchi hiyo kinatuhusu zaidi, maana ni cha wafanyakazi wa kawaida. Mwanzoni mwa Aprili 1979, katika mji wa Sverdlovsk, vumbi la kimeta lilitoka katika kiwanda cha siri cha jeshi. Kimeta tunakijua, ni ule ugonjwa wa ng'ombe unaowapata pia wachinjaji na watengeneza ngozi. Upepo ulilipeleka vumbi hilo upande wa kusini, na katika njia ya upepo kulikuwa na kiwanda cha vigae na vyombo vya udongo. Wafanyakazi wake walikuwa miongoni mwa waliovuta hewa ile. Watu wasiopungua 66 walikufa. Serikali ikasema wamekula nyama mbovu, na ikashikilia hivyo kwa miaka mingi, mpaka Rais Yeltsin alipokiri mwaka 1992 kwamba chanzo kilikuwa cha kijeshi.

Basi je, Marburg ya Kitaka, ya Ibanda, ya Rwanda, ilitengenezwa? Hapana. Wataalamu husoma ndani ya kirusi maandishi ya urithi wake, kama sisi tunavyosoma namba ya mashine kujua imetoka kiwanda gani na lini. Virusi vilivyotolewa kwa wachimbaji wa Kitaka vililingana na vile vya popo waliokuwa juu ya vichwa vyao. Tena ndani ya popo wa pango moja kulikuwa na nasaba nyingi tofauti, za zamani sana, zilizokwisha kuachana muda mrefu kabla ya mtu yeyote kuwa na maabara. Silaha ilichukuliwa kwetu ikapelekwa kwao, haikuletwa kwetu kutoka kwao.

Uvumi nao una wenyewe wanaoupanda. Miaka ya 1980, wakati ukimwi ulipokuwa ukimaliza watu Rakai na Masaka, idara za siri za Kisovieti zilieneza habari ya uongo kwamba ukimwi ulitengenezwa na jeshi la Marekani. Ilianza kuchapwa katika gazeti moja la India mwaka 1983, ikazunguka dunia nzima, na hapa kwetu bado unaisikia kwenye kijiwe cha bodaboda. Uongo huo haukuua mtu kwa risasi. Ulimwambia mtu kwamba ugonjwa ni mambo ya wakubwa, hivyo yeye hana la kufanya. Huyo hatafuti mpira, hapimwi, hafuati dawa.

Lakini kwa maoni yetu kuna jambo linaloficha wagonjwa kuliko uvumi, nalo halisemwi sana. Ni mshahara.

Marburg hukaa mwilini siku 2 hadi 21 kabla ya kujionyesha. Kwa hiyo kila aliyemgusa mgonjwa lazima afuatiliwe siku 21. Mwishoni mwa Septemba 2014 mfanyakazi wa picha za eksirei alikufa kwa Marburg hapa Kampala. Watu 197 walifuatiliwa, na hakuna aliyeugua tena. Mji wenye msongamano kama huu uliokoka kwa kazi ya kwenda mlango hadi mlango kila siku kupima joto la mwili. Sasa mchukue kibarua wa kukata miwa anayelipwa kwa mstari aliokata, au msichana wa kiwanda anayelipwa kwa siku. Mwambie akae nyumbani siku 21. Kodi ya chumba haikai siku 21. Posho ya watoto haikai. Tuliona katika Oktoba 2022, Ebola ilipofanya serikali kufunga Mubende na Kassanda kwa siku 21, kisha ikaongeza na kuongeza tena mpaka Desemba. Mwenye kipato cha siku alihesabu siku hizo kwa tumbo. Mtu wa namna hiyo akiulizwa kama alimgusa marehemu, atasema hakumgusa. Wakubwa watamwita mjinga asiyeelimika. Sisi tunasema amepiga hesabu, na hesabu yake imetoka kwenye karatasi ya malipo.

Hivyo tabia ya binadamu katika ugonjwa si mila na imani tu, kama inavyoandikwa. Mwuguzi anayemshika mgonjwa bila glavu hajakosa akili, amekosa glavu. Mchimbaji anayeingia shimo la popo usiku analijua giza lile, lakini shimo ndilo lenye dhahabu.

Sheria ipo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga, na inatambua wawakilishi wa usalama waliochaguliwa na wafanyakazi. Matawi yenye wanachama machinjioni, viwandani mwa ngozi, maabara, hospitali, migodi na machimbo ya mawe yahakikishe mwakilishi huyo yupo kwa jina, na si karatasini tu. Matawi ya mashamba yaangalie maghala ya zamani na mapango yaliyo ndani ya shamba: nani anatumwa kusafisha kinyesi cha popo, na anapewa nini cha kuvaa mikononi, miguuni na usoni? Akipata homa kali ya ghafla ndani ya wiki tatu, amwambie mganga bila kungoja kuulizwa kwamba alikuwa mahali pa popo. Neno hilo moja linaweza kumwokoa mwuguzi wake. Mwenzetu akifa kwa homa ya namna hiyo, maiti isioshwe na jamaa. Tunajua ni neno gumu, lakini mwili wa marehemu bado una kirusi.

Dawa iliyothibitishwa bado haipo, wala chanjo iliyoidhinishwa. Anayewahi hospitali akapewa maji na matunzo mapema ana nafasi kubwa zaidi. Huko Rwanda 2024 zaidi ya wagonjwa watatu kati ya kila wanne walipona.

Kwa mkutano ujao wa kila tawi tunaomba kifungu kifuatacho kijadiliwe, ili kiingizwe katika madai ya mkataba wa pamoja:

"Mfanyakazi yeyote, wa kudumu au kibarua, atakayewekwa chini ya uangalizi na maafisa wa afya kwa sababu ya ugonjwa wa kuambukiza, atalipwa ujira wake wote kwa siku zote za uangalizi, na nafasi yake ya kazi haitapewa mtu mwingine."

Waajiri watasema ni ghali. Makatibu wa matawi walete majibu ya waajiri hao kwa maandishi.